Marahaba ya Mdogo Wangu

Kwenye televisheni mwanamke ana umri wa aina mbili tu: wa kuchumbiwa na wa kuuguzwa. Mimi nilirushwa kutoka ule wa kwanza hadi wa pili, na hapo katikati, ambapo ndipo nilipoishi, hakuna kamera iliyonitazama. Nasema hili kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Ilikuwa miaka ile baada ya biashara kufunguliwa. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yameota kila kona ya Singida mjini, na vituo vya televisheni navyo vikawa vya watu binafsi. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulikuwa kwenye kikundi cha maigizo. Tulikwenda Nduguti, Kinyangiri na vijiji vingine, tukiigiza juu ya turubai kuhusu ukimwi na uhifadhi wa mahindi. Mimi nilikuwa nimepita thelathini, nimeolewa na nimesharudi nyumbani, lakini Mungu aliniumba na mwili mdogo, kwa hiyo kikundini siku zote nilikuwa msichana. Mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni utoto wake wote, hakuwa amefika hata miaka ishirini na tano. Ila alikuwa na kifua kipana, sauti nzito na upara ulioanza mapema. Siku zote yeye ndiye alikuwa baba.

Basi wakaja watu wa televisheni kutoka Dar es Salaam, wanatafuta waigizaji wa mchezo wa binti wa shule anayeozeshwa na baba yake kwa nguvu. Muongozaji alikuwa mtu wa makamo, ana taulo shingoni kutwa nzima ingawa upepo wa kwetu hauruhusu mtu kutoka jasho. Alituambia wazi kwamba mchezo wao uliopita ulichekwa, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamama watu wazima.

"Safari hii binti awe binti kweli," alisema. "Nikigundua mtu kanidanganya umri, namwondoa, na aliyemleta naye anaondoka."

Nilimwambia nina miaka kumi na minane. Nilisema bila kupepesa macho. Nilitaka kuonekana, jamani. Nilitaka watu wanione uso kwa karibu, siyo kwa mbali katikati ya vumbi na mbuzi, na nilijua uso una muda wake. Mdogo wangu akapewa nafasi ya baba. Tukakubaliana kwamba mpaka kazi iishe hatujuani, asiniite dada na asinisalimie. Hilo la mwisho lilimpa shida, maana kwetu mdogo hali uji wa asubuhi kabla hajampa mkubwa wake shikamoo.

Kazi ilifanyika Sepuka, kwenye nyumba tuliyoazima kwa mkulima mmoja wa alizeti. Siku ya pili, wakati wa chai, wale wa Dar wakaanza kukumbushana shida za zamani, wakati sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni. Nami, mdomo wangu huu, nikadakia kwamba sisi tulikuwa tunapanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, halafu tunarudi kulala.

Muongozaji akaacha kutafuna.

"Jiwe uliliweka ukiwa na umri gani, binti?"

"Mama ndiye alinisimulia," nikajibu. Nikainua kikombe kwa haraka mpaka chai ikamwagika kwenye sketi ya shule. Alinitazama shingoni, akanitazama mikononi, halafu akasema twende tukafanye kazi.

Sehemu iliyokuwa inarekodiwa ilikuwa fupi. Binti anarudi shule, anampigia baba magoti na kusema, "Shikamoo baba." Baba anaitika, "Marahaba," kisha anampiga kofi kwa kuwa amechelewa. Basi.

Nikapiga magoti. "Shikamoo baba."

Mdogo wangu alifumbua mdomo, akaufumba.

Tukarudia. Safari hii aliitika, lakini aliitika huku ametazama chini, amevua kofia na kubana miguu pamoja.

"Baba mkali gani anamvulia mtoto kofia?" muongozaji akafoka.

Mara ya tatu ikawa balaa. Akasema, kwa sauti yake nzito inayosikika mpaka barabarani, "Marahaba, dada."

"Dada? Dada yako nani hapa?"

Jasho lilinitoka mimi, mwenye taulo akiwa mwingine. Nikawahi kusema kwamba huku kwetu baba humwita binti yake dada kwa mapenzi.

"Huyu baba hana mapenzi," alisema muongozaji, bila kuniondolea macho. "Kaleni ugali. Tukirudi ikishindikana, nawatoa wote wawili. Kuna wengine Dodoma wanasubiri."

Nilimkuta mdogo wangu nyuma ya jiko, ameegemea magunia ya alizeti. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, jitu zima lile.

"Dada, nisamehe. Neno linafika hapa linakwama. Nakuona umepiga magoti, naona kama nimemkosea mama. Bora niwaambie naumwa, niondoke, wewe ubaki."

"Ukiondoka wananiondoa na mimi. Si umemsikia?"

"Sasa nifanyeje?"

Nilitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Hapakuwa na kamera wala skripti. Nikapiga magoti kwenye mavumbi mbele ya mtoto niliyemfundisha kutembea, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo."

"Dada, inuka! Watu watatuona!"

"Siinuki. Itikia."

"Dada, usinifanyie hivi."

"Shikamoo," nikasema tena. Sikuwa ninaigiza. Nilimwamkia kweli, kama ninavyomwamkia mjomba, kwa sababu niliona kwamba asipoipokea hapa ambapo inauma zaidi, kule ndani hataipokea kamwe. Moyo uliniuma, na nilikuwa na hasira na muongozaji, na Dar es Salaam yote, na miaka yangu.

Nikabaki nimeinamisha kichwa pale pale. Halafu nikasikia, chini chini, "Marahaba." Akaniinua kwa mikono yote miwili, akanipangusa magoti kwa shati lake.

Kule ndani tulifanya mara moja tu. Aliitika vizuri, akanipiga kofi lililonitoa chozi la kweli, na watu wote wakapiga makofi. Yeye alitoka nje akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akanawa ule mkono kwa muda mrefu.

Mchezo ulipoonyeshwa, tuliutazamia kwa jirani mwenye televisheni, mama akiwa amekaa mbele kwenye kiti cha heshima. Alifurahi mpaka ilipofika sehemu ile. Akamgeukia mdogo wangu, akamuuliza kwa Kinyaturu, "Dada yako alikuamkia, na wewe ukaitika?"

"Niliitika, mama."

Mama akachukua khanga yake, akaondoka. Hakutugombeza, wala hakulizungumza tena. Ila mdogo wangu alikonda mwaka ule.

Muongozaji hakuniita tena kwa miaka kadhaa. Siku alipopiga simu, nilikuwa bado sijafika arobaini.

"Siku ile ya jiwe nilikujua," alisema, akacheka. "Nilinyamaza kwa sababu ulifaa. Sasa nina nafasi ya bibi kizee mgonjwa. Na yule kaka yako mwenye upara, aliyeteleza akakuita dada, atakuwa mwanao."

Bibi kizee! Nilitaka kukata simu. Niliwaza kumuuliza mwanamke wa umri wangu amekwenda wapi kwenye michezo yao, au wanawake wanalala mabinti wanaamka vikongwe. Badala yake nikamwambia nitamuuliza mwenzangu kwanza.

Mdogo wangu hakuuliza wanalipaje, wala ni lini. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Huyo mtoto anamsalimia mama yake?"

Nikamwambia ndiyo, anaingia anamkuta kitandani, anamsalimia.

Siku ya kurekodi walinipaka unga kichwani, wakanilaza. Mdogo wangu akaingia. Skripti ilisema asimame mlangoni. Yeye alikuja hadi kitandani, akavua kofia, akapiga magoti yote mawili sakafuni.

"Shikamoo," akasema. Hakuongeza mama.

Muongozaji akasema asimame mlangoni, turudie. Mdogo wangu hakusogea. Alikuwa ananitazama, anasubiri niitike.