Nilidhani Ni Andakoti

Mimi ni fundi wa kupaka magari rangi hapa Kibwezi. Juzi Mzee Muli, mwanamaji mstaafu, aliniletea gari lake la zamani la kijeshi nirekebishe mlango. Lilikuwa la kijivu kisichong'aa, na nambari nyeupe ubavuni. Nikajua kuna fundi alipaka andakoti, ile rangi ya chini ya kutangulia, akatoroka, akaacha hata hesabu zake. Nikamhurumia mzee, nikalipiga nyekundu ya kung'aa, bure.

Alikuja kulichukua na wenzake watatu, wamevaa medali, tayari kwa gwaride la wastaafu.

"Fundi, gari langu liko wapi?"

"Ni hili, mzee. Ile andakoti nimeifunika vizuri."

Mwenzake mmoja akavua kofia polepole, kama tuko matangani.

"Kijana," akasema, "ile ilikuwa rangi ya manowari."