Kandili Iliyowaka Mchana Mlandege

Inatangazwa kwa wakaazi wote wa Unguja, wa mjini na wa mashamba, ya kwamba hali ya biashara ni njema. Kushuka kwa bei ya karafuu ni jambo la kupita. Mpaka siku ya tangazo hili mahakama haijamtangaza muflis mfanyabiashara hata mmoja mwaka huu. Kwa hivyo hofu iliyoenea madukani haina msingi, na watu wote wanaombwa kuiacha.

Tangazo hilo lilibandikwa Darajani katika masika ya mwaka wa hamsini na nane, na Machano, mwenye duka la kanga Mlandege, alilisoma mara mbili. Mara ya kwanza lilimtia moyo. Mara ya pili alijiuliza Serikali imejuaje kwamba anaogopa.

Machano alikuwa mtu wa Makunduchi. Aliingia mjini kijana, akafagia duka la nguo la Baniani mmoja ambaye hakusema naye ila kwa kidole, na kwa kukitazama kidole kile miaka mingi akajifunza kupima kitambaa, kukisifu, na kunyamaza mteja anapofikiri. Alipofungua kiduka chake mwenyewe, kwao walisema ametajirika. Hakukanusha, kukanusha kungemharibia biashara.

Wanawake wa Kikwajuni walimwamini. Mwenye kushona kofia, mwenye kuuza vitumbua, mwenye kupokea zamu yake ya upatu, wote walimwekea amana zao, kwa sababu benki ilikuwa na mlango mkubwa na karani anayeuliza maswali, na Machano alikuwa na kigoda na maji ya kunywa. Kwa muda fedha zile zilikaa kashani. Halafu karafuu zikapanda bei, kila mtu akataka kanga mpya, na Machano akaona si busara fedha kulala bure. Akazigeuza kanga. Halafu karafuu zikashuka, na kanga zikabaki kanga.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa. Akija mwenye amana mmoja, angemlipa. Wakija wawili, angewalipa na kutabasamu. Wakija wote kwa pamoja, kwisha: duka halipo, na jina lake halipo. Akiulizwa "Habari za biashara?" alijibu "Njema" kabla swali halijamalizika. Duka la jirani lilikuwa limekwisha kutiwa kufuli na lakiri ya nta nyekundu, na kila akipita pale alitazama upande wa pili wa njia.

Lakini hakuna alichokiogopa kama taa. Kwa Mabaniani, mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliwasha taa dukani mchana kweupe, akakaa kando yake. Basi. Waliomdai waliona, wakaja kuchukua kilichobaki. Mlandege nzima, aliyekuwa Baniani na asiyekuwa, waliijua ishara hiyo kuliko tangazo lolote. Machano aliwahi kuiona kwa macho yake alipokuwa mfagiaji: mzee mmoja amekaa kimya, utambi unawaka, jua kali nje, na watu wanabeba hata mizani. Tangu siku ile, mtu akiwasha sigara mbele ya duka lake mchana, alimwomba asogee mbele.

Siku yenyewe ilianza kwa heri. Alikuja Bi Shemsa wa Kikwajuni, mmoja wa wenye amana, na Machano akaweka mkono juu ya kasha mpaka alipomsikia anataka nini.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, mwanangu. Nataka sare. Harusi Bububu, kwa dada yangu. Kundi zima la kina mama, kila mmoja doti yake."

Machano alianza kuteremsha kanga. Doti zote hizo, kwa fedha taslimu! Kasha lingejaa tena. Angeweza kumlipa yeyote atakayekuja, na usiku akalala.

Wakati huohuo mvua ikaanguka, mvua ya masika, na duka likawa giza kama ndani ya pipa. Umeme ulikuwa umekatwa kwa deni; yeye aliwaambia watu kuwa waya unatengenezwa.

"Hii nyekundu au zambarau?" akauliza Bi Shemsa.

"Nyekundu, bi."

"Mie naiona nyeusi. Zote naziona nyeusi. Nnakwenda harusini, Machano, siendi matangani. Washa taa."

"Mvua itapungua sasa hivi. Kaa kidogo, unywe maji."

"Maji! Nje maji, ndani maji. Kandili si hiyo hapo juu? Au mafuta ya taa nayo yamepanda?"

"Siwashi taa mchana, Bi Shemsa."

"Kwani wewe popo, unaogopa mwangaza? Haya, mie nshaondoka. Darajani wana umeme."

Machano akaona harusi nzima inamtoka mlangoni. "Ngoja," akasema.

Akaurudisha mlango mpaka ukabaki ufa. Akatundika kanga mbele ya ufa. Akaiteremsha kandili chini ya meza. Njiti ya kwanza ikavunjika mkononi, na ya pili ikavunjika. Ya tatu ikawaka, na Bi Shemsa akasema, "Alaa! Kumbe nyekundu kweli," akaanza kuchagua kwa furaha.

Nje, Bakar muuza kahawa alikuwa amejibanza barazani kwa sababu ya mvua. Aliona duka lililorudishiwa mlango saa sita mchana, na mwanga unaochungulia kwenye upindo wa kanga. Bakar hakuwa mtu wa umbeya. Alimwambia mteja mmoja tu kwa kila kikombe.

Bi Shemsa alikuwa keshapanga mzigo wake mlango uliposukumwa. Aliingia Mwamvua, shangazi yake Machano, amelowa chapachapa.

"Shikamoo, shangazi. Mbona kwenye mvua?"

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa amana yangu. Si kwa ubaya."

"Taa hii ni ya mvua, shangazi! Bi Shemsa anachagua sare!"

"Ndiyo, baba, ya mvua. Nipe changu kabla haijazidi."

Akampa. Akajaribu kutabasamu, lakini nyuma ya shangazi alikuwapo Mwanapili muuza vitumbua, na nyuma ya Mwanapili yalikuwapo mabuibui yanayochuruzika maji mpaka njiani. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Walisogea kwa adabu, wakiambiana "tangulia wewe," na kila mmoja alisema si kwa ubaya. Kasha lilipobaki tupu hakuna aliyetukana. Walianza kukunjua kanga.

"Bi Shemsa, waambie!" Machano alipiga ukelele. "Wewe ndiye uliyenitaka niwashe!"

Bi Shemsa aliutazama msururu wa watu, akautazama mzigo wa sare mikononi mwake.

"Kweli, nilikutaka," akasema kwa upole. "Lakini hukunambia unaogopa nini. Sasa nshajua." Akafunga mzigo vizuri. "Hizi tuzihesabu ndiyo amana yangu, mwanangu. Tusidaiane."

Mvua ilipokatika, jua liliingia mpaka ukutani, maana hapakuwa na nguo ya kulizuia. Machano alikuwa amekaa sakafuni, kimya. Kando yake kandili ilikuwa ikiwaka bado. Alipoitambua namna alivyokaa aliruka, akaizima kwa kiganja, akaungua.

Waliochelewa hawakupata kitu, na hao hawakusema si kwa ubaya. Walisema jela. Mkewe, Wanu, akasikia kisimani kuwa mtu akitangazwa muflis na mahakama hafungwi tena kwa deni, na asubuhi akampigia pasi kanzu. Machano alikwenda mahakamani, kiganja kimefungwa kitambaa, akaomba kitu alichokikimbia miaka yote.

Karani, Hasan, alikuwa kijana mwenye heshima. Alimkaribisha kiti, chini ya tangazo lile lile la Darajani lililobandikwa ukutani, la kwamba hakuna muflis hata mmoja, akayasoma maombi yote mpaka mwisho, akasema yako sawa kabisa. Halafu akamrudishia. Ada ya kutangazwa muflis ilikuwa shilingi hamsini, na hulipwa kwanza.