Babu Anataka Mwita Aoshwe Mbele Yake

Babu yangu mzaa mama alikataa kubatizwa alipoambiwa kwamba Mwita atakuwepo mbinguni. Alimuuliza mwinjilisti kama ana uhakika. Mwinjilisti akasema Mwita alitubu, akabatizwa, amesamehewa. Babu akajibu kwamba basi wao waende, yeye atabaki.

Mwita, enzi za ujana wake, aliiba ng'ombe wa Babu, akawatolea mahari. Sasa ni mzee wa kanisa kule Mbalibali. Babu anaumwa moyo na miguu imevimba. Bibi, aliyeokoka tangu mama yangu akibebwa mgongoni, alinipigia simu Mugumu ninakofundisha. Alisema hataki kufika kwa Bwana kama mjane. Akaniagiza nimpeleke Mwita kwa Babu, Susuni.

Mbalibali nilimkuta shambani akipalilia mihogo. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, hakunipa nafasi. Alinawa miguu, akavaa koti la Jumapili.

"Niliokoka siku moja," alisema. "Hii safari ya Susuni ndiyo nimekuwa nikiiahirisha kila siku."

Mkewe alitufungia viazi vya kuchemsha, akamwonya asije akaanza kuhubiri huko.

Barabara ya Nyamongo ilikuwa vumbi tupu. Kuanzia Mto Mara mpaka Tarime mjini Mwita aliomba kimya, macho amefumba, kofia magotini. Abiria wa pembeni akamuuliza kama anaumwa tumbo. Alisema ndiyo, kidogo.

Jioni bodaboda ilitushusha Susuni. Babu alikuwa uani kwenye kiti, Bibi na mwinjilisti wakiwa pembeni yake. Mwita alipiga magoti, akasema shikamoo. Babu alimwangalia mpaka aliporidhika, ndipo akaitikia. Mwita alieleza yote bila kuruka kitu, hadi njia waliyowaswagia wale ng'ombe. Akaahidi kuleta mtamba. Babu akasema hamtaki.

"Yule mwenye paji jeupe mlimfanyaje?"

"Tulimchinja siku ya harusi, mzee."

"Nyama yake?"

"Ilikuwa tamu."

Bibi alijifunika uso kwa kanga. Babu akasema angalau hapo mtu amesema kweli. Akamgeukia mwinjilisti, akamwambia yuko tayari kubatizwa, ila huyu mura aingie naye mtoni. Mura kwa Kikurya ni kijana. Mwita ana mvi kichwa kizima.

"Ameshabatizwa, mzee. Ubatizo ni mmoja."

"Mlimwosha huko Mbalibali. Mimi sikuwepo, na ng'ombe walikuwa wangu."

Mwinjilisti alifungua Biblia, akaifunga, akasema atampigia mchungaji. Mwita alisema yeye ataingia majini hata mara kumi. Mwinjilisti akamwomba asiharibu mambo zaidi.

Kesho yake niliondoka kurudi kazini. Tangu shule ya Jumapili nilifundishwa kwamba mbinguni ni mahali pa kupumzika. Babu anapachukulia kama mahali pa kuhamia, na mtu anayehama huuliza kwanza majirani ni nani. Njia nzima nilitafuta kosa katika hoja yake, sikulipata.

Mchungaji alimjibu mwinjilisti kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa, apewe muda wa kuomba. Mpaka naandika haya hajapiga tena. Mwita bado yuko Susuni, na Bibi anasema tangu juzi Babu hawezi kuinuka kitandani.