Niliwalipa kwa Mwendo wa Pole

Kocha wetu wa Kitengela aliniondoa kwenye timu mbele ya watu wote, mimi nikiwa bado nafunga kamba za viatu.

"Mzee, leo utakaa," alisema. "Na wiki ijayo usijisumbue kuja. Miguu imeisha."

Tulikuwa rika moja, yeye na mimi. Kabla hajawa kocha tulicheza mpira wa kikapu pamoja miaka mingi kwenye uwanja huo huo wa saruji nyuma ya kanisa. Mimi nilikuwa mchezeshaji, yule anayepandisha mpira na kuamua nani aupate. Yeye alisimama chini ya kikapu akingoja nimletee, na karibu kila alichofunga kilitoka mikononi mwangu. Sasa alikuwa na filimbi shingoni, na kijana mwepesi wa kuchukua nafasi yangu.

Kijana huyo akainuka, akashika kiuno, akaanza kutembea akiburuta mguu wa kushoto, jinsi nilivyokuwa nikifanya mchezo ukikaribia kwisha. "Mzae ameisha, aki!" akasema kwa Sheng. Timu nzima ikacheka. Kocha naye akacheka, na kicheko chake ndicho nilichoenda nacho nyumbani.

Sikumsamehe. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wangu wa kanisani hupenda mambo ya aina hii yaishie kwa kukumbatiana.

Kwanza nilijaribu kuirudisha kasi. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikimbia kando ya barabara ya kwenda Kisaju, malori yakinimwagia vumbi, mpaka goti likavimba. Mke wangu, ambaye alichezea shule yao netiboli huko magharibi, alinikuta nikipanda ngazi za ploti yetu ya nyumba za kupanga nimeshikilia ukuta.

"Kwani unataka kushinda nani?" aliniuliza. "Huyo kijana?"

"Nataka kumwaibisha kocha."

Nilidhani atanikemea. Badala yake alifikiri kidogo. "Basi wacha kukimbia. Kwa netiboli ukishika mpira huwezi hata kutembea nao, na tulikuwa tunafunga watu vibaya sana."

Tukawa tunatoka Jumapili mchana, baada ya kanisa, kwenye nafasi iliyo nyuma ya tangi la maji. Alinifundisha kudaka mpira, kukita mguu mmoja chini na kuzunguka juu yake. Alinifundisha kutazama huku na kupiga pasi kule. Nikidunda mpira bila sababu alinipiga mkono. "Unadunda ya nini? Peana!"

Mengine nilijifunza peke yangu. Niligundua kwamba ukimpa kijana mgongo na kumwegemea, wewe unapumzika naye anachoka. Niligundua pia kwamba anayekuja mbio haogopi mwenye mbio zaidi. Anachoogopa ni mtu anayesimama ghafla, kwa sababu mwili wake unampita kabla hajajua. Niliacha kuingia katikati ya warefu. Nikawa nasimama hatua kadhaa nje na kuurusha mpira juu, polepole, upite vidole vyao. Kila niliporusha nilikisikia kile kicheko, na sikutaka kinyamaze. Kilikuwa kinanisaidia.

Timu moja ya Kajiado mjini ilikuwa inatafuta mchezeshaji. Nahodha wao, mwalimu mrefu wa Kimaasai, alinisalimia kwa heshima. "Sopa, mzee."

"Ipa," nikaitikia.

"Unaweza kukimbia?"

"Hapana."

"Sasa utatusaidia na nini?"

"Nyinyi mkimbie. Mimi nitawaletea."

Nilimuuliza swali moja tu: Kitengela wanakuja kucheza hapa lini?

Walikuja Jumamosi ya upepo. Uwanja wa Kajiado hauna ukuta, na mchana upepo wa mbugani huupeperusha mpira wa juu kama kitambaa. Nilijua hilo kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi ndani yake. Wageni hawakujua. Pasi zao zilipotelea nje. Zangu zilipita chini, zikidunda mara moja na kufika.

Kijana wao alipewa kazi ya kunilinda. Alikuja kwa kasi, nikasimama, akapita. Alirudi akaruka kunizuia kabla sijarusha, akaniangukia, refa akapiga filimbi. Akafanya hivyo tena, na tena.

"Pole, kijana," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Umechoka?"

"Mkaribie!" kocha alipiga kelele. "Mkaribie huyo!"

Hicho ndicho nilichotaka. Alipokaribia nilimpa mgongo, nikazunguka, nikabaki peke yangu mbele ya kikapu. Kocha akamtoa. Kijana alikaa mwisho wa benchi, taulo kichwani, na sikumwonea huruma hata chembe.

Kisha nikaanza kazi yenyewe. Nilimwita nahodha asimame upande wa kushoto chini ya kikapu, mahali kocha alipokuwa akisimama zamani, nikampigia pasi ile ile niliyompigia kocha miaka yote ile. Akafunga. Nikairudia. Kocha aliijua kuliko mtu yeyote aliye hai. "Kushoto! Analeta kushoto!" alifoka mpaka sauti ikakauka, na vijana wake walifika kila mara wakiwa wamechelewa. Nikirudi kulinda nilipita mbele ya benchi yao, kwa mwendo wa pole, ili anione vizuri.

Tuliwashinda vibaya. Kocha alinijia akiwa amenyoosha mkono.

"Kwani huu mchezo ulikuwa umeuficha wapi? Rudi nyumbani, ndugu. Fundisha hawa vijana."

Niliutazama ule mkono mpaka akaushusha. "Hapana," nikasema. Sijawahi kufurahia neno fupi namna hiyo.

Baadaye kijana naye alikuja, bila mzaha usoni, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kusimama ghafla vile.

"Muulize kocha wako."

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimeridhika. Nilimwambia bado. Aliniletea barafu, nikainua goti juu ya stuli, nikaanza kuirudia mechi kichwani, pasi baada ya pasi, nikikawia pale kocha alipopoteza sauti. Ilipokwisha niliianza upya.