Siku Nyanjige Alipobaki Ndani

Kwetu Bariadi mtu anasamehewa mengi. Utalewa mnadani ukamtukana baba mkwe wako, utaimwagia pamba maji ili mizani ikupendelee, watu watakusema wee, mwisho watachoka. Lakini mwano ukipigwa, na wewe mzima wa viungo vyote ukabaki ndani, hapo umejitia kitanzi kwa mikono yako mwenyewe. Mwano ni lile yowe la hatari. Mmoja akilia, jirani anapokea, na kila mwenye miguu anatoka na alichoshika, awe na rungu au mwiko wa ugali, anakimbilia sauti inakotoka. Asiyetoka ataulizwa alikuwa wapi. Akikosa jibu la maana anatengwa, yeye na nyumba yake. Hakuna wa kumsalimia, na msiba ukimpata hakuna wa kumchimbia kaburi.

Sasa fikiria tulivyobaki midomo wazi iliposemekana kwamba aliyebaki ndani siku Athanasi alipovamiwa ni Nyanjige, binti wa marehemu Masele. Mwalimu yule! Mtu aliyefika mpaka Asia! Na Athanasi si jirani wa mbali, ua wa minyaa tu ndio uliowatenganisha. Wezi walimvamia jioni ng'ombe wakiingia zizini, wakamkata panga mkono wa kulia. Alilia mwano mpaka sauti ikamkauka. Walitoka watu wa ng'ambo ya mto, walitoka mpaka wazee wenye magongo. Wezi walitoroka, ng'ombe wakaokolewa, ila mkono ule tangu siku hiyo haushiki jembe.

Mlango wa Nyanjige haukufunguka.

Mama yake, Monika, jioni hiyo alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Ni mjane, mtu wa presha, miguu imemvimba hata kandambili hazimwingii. Alipoulizwa na majirani hakusita, alisema binti yake alikuwa hoi kwa homa. Mgonjwa halaumiwi, hiyo iko wazi. Kwa hiyo asubuhi ya mkutano wa kijiji wa kumhoji alimkalisha Nyanjige jikoni akamwambia la kusema.

"Utasema homa. Maneno mawili tu, unakaa chini."

"Mayu, sikuwa na homa."

"Kwani mimi sijui? Nimeshasema, sasa unataka nionekane mwongo?" Monika alishusha sauti. "Nyanjige, mimi si wa kukaa sana. Wakitutenga, nani atanizika? Wewe na jembe lako, peke yako?"

 Na ili uelewe kwa nini siku ile hakutoka, lazima nikurudishe nyuma.

Alipomaliza chuo, ajira za serikali zilimkalia kama mvua ya Meatu, kila siku mawingu na hakuna kinachodondoka. Akatafuta kwenye mtandao, akapata shule moja ya watu binafsi huko Yangon, Myanmar, iliyotaka mwalimu wa Kiingereza. Mama yake aliuliza hiyo ni nchi au ni dawa. Aliondoka mwanzoni mwa mwaka 2020, na hata hajazoea harufu ya jiji, ugonjwa ukaingia duniani.

Shule ikafungwa. Uwanja wa ndege ukafungwa. Wakazi wa mtaa wake waliziba njia kwa mianzi, wakaweka zamu ya kulinda anayeingia na anayetoka. Na mgeni, ndugu yangu, ndiye mwenye ugonjwa hata kama wanaokohoa ni wenyeji. Akienda dukani muuzaji alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu, akamwonyesha kwa kidole pa kuweka hela. Siku ya kwanza alidhani anataniwa. Alirudi chumbani akajitazama kwenye kioo, kana kwamba angeona hicho walichokiona.

Alipompigia simu mama yake ndipo alipozidi kuchanganyikiwa. Nyuma ya sauti ya mama alisikia ngoma za harusi.

"Huku tunapiga nyungu tu," Monika alisema. "Tunajifukiza, tunasali, tunaenda mnadani. Rudi nyumbani, unakufa huko bure."

"Nirudi na nini, mayu? Ndege hakuna."

Akakata simu, akachungulia dirishani. Barabara kubwa ya jiji zima, na juu yake anatembea mbwa mmoja. Hakujua ashangae upande upi, wale waliojifungia au hawa wanaocheza harusi.

Waliomwokoa ni watu wa ghorofa ya chini yake, mama mmoja aliyeitwa Daw Mya na mwanawe Ko Tun, fundi simu. Majumba ya kule watu wananing'iniza kamba madirishani, mwishoni wamefunga kikapu na kengele, ili kuvuta vitu juu bila kushuka ngazi. Siku moja kengele ya Nyanjige ililia. Alipovuta alikuta wali na samaki, bado vya moto. Kesho yake ikalia tena. Wakaanza kumwita Sayama, ndiyo kusema mwalimu. Naye siku moja aliwashushia ugali wa unga wa mahindi aliouhangaikia soko zima. Ko Tun alionja, akatema, akacheka mpaka machozi. Alimuuliza kama kwao huo ni chakula au ni adhabu. Ilikuwa mara ya kwanza Nyanjige kucheka katika nchi ile.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya Februari, simu zilikuwa zimekufa. Si ya Nyanjige tu, za jiji zima. Wanajeshi walikuwa wameshika nchi. Nyanjige alisimama na simu mkononi akiibonyezabonyeza, akijiuliza, kwani ugonjwa peke yake haukutosha? Jioni ya pili alikuwa anapika, mara akasikia sufuria zikigongwa. Mtaa mzima! Mabati, vifuniko, masinia, na watu wanapiga kelele.

Kwa mtoto wa Bariadi hiyo ina maana moja. Hakuvaa hata viatu. Alishuka ngazi mbiombio na mwiko mkononi, akatokea barabarani akipaza sauti kwa Kisukuma, akiuliza mwizi yuko wapi. Barabara ilikuwa tupu. Watu wote walikuwa madirishani mwao wakigonga sufuria, wakaacha kugonga, wakamwangalia yeye.

Ko Tun alishuka akiwa ameshika mbavu. Alimweleza kwamba hivyo ndivyo wanavyofukuza mabaya, kila mtu kwenye dirisha lake, na usiku huu wanawafukuza wenye bunduki.

"Kwetu hatugongi dirishani," Nyanjige alisema, aibu imemjaa. "Kwetu tunatoka."

Ko Tun aliacha kucheka. Aliwatafsiria majirani waliokuwa juu, na wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Baadaye kidogo mambo yalichacha, askari wakaanza kuja kuwachukua watu majumbani. Hapo sufuria zikawa mwano wa kweli. Aliyewaona aligonga, na watu wakaanza kutoka, wakajaa barabarani, askari wakikuta umati wanageuza gari. Ilifanikiwa mara ya kwanza, ikafanikiwa na ya pili. Na kila mara wa kwanza kufika barabarani alikuwa Nyanjige. Miguu ilijipeleka yenyewe, ndivyo alivyolelewa. Pale mtaani likazuka neno, ukisikia sufuria wanaambiana, Sayama ametoka. Maana yake ni kwamba kama mgeni ametoka, wewe mwenyeji unangoja nini?

Asubuhi moja ya mwezi Machi sufuria zililia upande wa kizuizi cha mianzi. Nyanjige alikimbia kama siku zote. Nyuma yake alimsikia Ko Tun, kandambili zake zikipiga lami, akimwita amsubiri. Hakumsubiri. Alifika kizuizini akasimama mbele ya askari, na alichokuwa akikingoja ni kile alichokijua tangu utotoni, kwamba watu wakijaa mwovu anakimbia. Kwao ni hivyo. Hajawahi kuona vinginevyo.

Hawakukimbia. Mmoja wao alipiga goti, akalenga, bila haraka yoyote.

Nyanjige alisikia mlio, akageuka. Ko Tun alikuwa amelala ubavu, kandambili moja imemvuka. Alidhani ameteleza. Kweli kabisa, alidhani ameteleza, akamnyooshea mkono amwinue, akawa anamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo yule kijana hakuijua hata neno, "Inuka, inuka twende." Kisha akaona damu kwenye lami. Tangu dakika ile kuna kitu kilikufa ganzi ndani yake. Hakulia, hakupiga kelele, alikaa tu pale chini mpaka watu wakamvuta kwa kwapa.

Wiki ile ile ya mazishi, kengele ya kamba yake ililia. Alichungulia. Daw Mya alikuwa amemwekea wali. Nyanjige alishindwa kuivuta ile kamba. Kikapu kilining'inia mpaka wali ukapoa.

Mtaani hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtesa. Sufuria zikilia aliingia chini ya meza, akaziba masikio kwa viganja. Alikaa hivyo miezi, mpaka ikapatikana ndege ya kuondoa wageni, akarudi nyumbani kwa kuzungukazunguka nchi za watu. Bariadi tulimpokea kwa shangwe. Tulimuuliza kama kule wanakula nyoka. Hatukumuuliza kingine.

Na jioni ile Athanasi alipopiga mwano, Nyanjige alisimama. Alifika dirishani, akalishika pazia. Miguu ikagoma.

Haya, mkutano. Watu walikaa kwenye uwanja wa shule, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na kamanda wa sungusungu, Dastan, katikati. Athanasi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkono umefungwa kwenye kanga ya mkewe. Monika alikuwa ameshika rozari ndani ya kitenge chake.

"Nyanjige, mwanetu," Dastan alisema. "Mama yako ametueleza. Sisi tunataka tulisikie kwako. Siku ile ulikuwa wapi?"

Nyanjige alisimama. Alimtazama mama yake, ile miguu iliyovimba, akaona midomo yake ikimtamkia lile neno kimyakimya. Neno moja tu na mambo yaishe. Alifungua mdomo alitoe.

"Nilikuwa ndani," alisema. "Sikuwa na homa. Nilisikia tangu yowe la kwanza."

 Monika alijifunika uso. Nyanjige hakuishia hapo, kwa sababu angekatiza asingeweza kuendelea. Aliwaeleza yote, kikapu, sufuria, mwiko, lile neno la Sayama ametoka, na yule kijana aliyekuja nyuma yake. Aliwaambia kwamba askari hawakukimbia. Wanaume waliozoea kukimbiza wezi wa ng'ombe mpaka Mwanhuzi walitazamana. Mzee mmoja aliuliza mara mbili, hawakukimbia? Watu wamejaa na hawakukimbia? Aliambiwa ndivyo, akavua kofia yake akaishika mapajani.

Nyanjige akakaa chini. Ndipo Athanasi akanyanyuka kwenye kiti chake.

"Nilikuwa nimelala kwenye kinyesi cha ng'ombe," alisema taratibu. "Panga limeshaingia. Nikageuza shingo upande wa kwako, maana ndiyo nyumba ya karibu. Pazia lako nililiona linatikisika."

Nyanjige aliinamisha kichwa.

"Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilikuwa naingoja siku ya leo. Ungesema homa, ningewaambia la pazia, na ningeomba mtengwe, wewe na mama yako, mkazikane wenyewe." Aliurekebisha mkono ndani ya kanga. "Umesema kweli. Basi, kamanda, naomba asitengwe. Mkono wangu haurudi kwa kumtenga mtu."

Monika alianza kulia kwa sauti, na wanawake wakasogea kumshika. Dastan aliuliza kama kuna mwenye neno. Hapakuwa na mwenye neno. Mambo yalikwisha hivyo, nasi tukaanza kukung'uta mavumbi na kuondoka, kila mtu akijaribu kuiweka kichwani hiyo nchi ambako yowe linajibiwa kwa risasi.

Bibi Mektilda ndiye aliyebaki nyuma. Mwanawe wa pekee alifia kwenye mwano mwaka ule wa wizi mwingi. Alimfuata Nyanjige polepole, akamshika kiwiko.

"Yule mama wa kijana," aliuliza. "Sufuria zilipogongwa tena, baada ya kumzika mwanawe, alifanyaje?"

Nyanjige alikuwa ameeleza yote siku ile, isipokuwa hilo.

"Nilikuwa chini ya meza, bibi," alisema. "Nilisikia mlango wa chini ukifunguliwa kabla ya milango mingine yote. Alitoka."