Siku Mwalimu Hussein Alipochuchumaa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka ni kana kwamba bado sijui itaishaje. Nilikuwa msichana wa darasa la saba, miaka ya sabini, mwaka wa ukame. Baba yangu, Mzee Galgalo, alikuwa amenitoa shuleni mjini Isiolo nikasaidie kunywesha mbuzi, na tulikuwa tumehamia porini, mbali kidogo na Gotu. Kesho yake mtihani wa mwisho ungeanza. Sikuthubutu kuutaja.

Mama alikuwa anachemsha chai binamu yangu Guyo aliporudi mbio kutoka malishoni.

"Askari!" alisema akihema. "Mmoja yuko mbele. Wengine sijui."

Wewe umezaliwa wakati mwingine, huenda hujui uzito wa neno hilo kwetu. Miaka michache nyuma, wakati wa misukosuko, watu wenye sare walifika bomani wakawachuchumaza wanaume wetu juani, mikono kichwani, tangu asubuhi. Babake Guyo walimchukua. Hakurudi.

Basi Baba akaumwagia moto chai yote, tukakimbilia vichaka vya mswaki, tukalala kifudifudi. Guyo hakulala. Alichukua mkuki wake akajibanza kando ya njia, mahali ambapo yeyote angepita karibu naye bila kumwona.

Kupitia majani nikaliona koti: refu, la kijani, la jeshi, kola imeinuliwa hadi masikioni. Halafu nikauona mguu. Wa kushoto ulikuwa ukiburuzika kidogo, na mguu ule niliujua. Mwalimu Hussein, wa mtaa wa Chechelesi kule mjini, alipigana Burma, mmoja wa wale askari wazee wa jeshi la Mwingereza tuliowaita keya, akarudi na risasi pajani. Alitufundisha hesabu akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi kila siku ya Mungu. Koti hilo hatukuwahi kuliona mwilini mwake.

"Baba," nilinong'ona, "ni mwalimu."

"Nyamaza! Mwalimu gani anavaa hiyo?"

Shaka ikaniingia hata mimi. Wanaume wangapi hapa kwetu wanachechemea? Nikikosea, sauti yangu ingetufichua sote, na mama alikuwa amemlaza mdogo wangu chini ya kifua chake akimziba mdomo. Yule mtu akachungulia kibandani mwetu, akagusa majivu yaliyolowa, akatazama huku na huku. Kisha mbuzi mmoja akalia vichakani, na yule mtu akaanza kuja moja kwa moja upande wa Guyo. Nikaona kiwiko cha Guyo kikirudi nyuma.

Nikasimama. Baba alinidaka leso, nikajinasua.

"Mwalimu, usitembee!"

Mwanangu, mtu asiyejua vita angecheka, au angeuliza ni nani anayemwita. Yeye alisimama palepale. Akalivua koti polepole, akalitupa mbali. Halafu akachuchumaa juani, mikono kichwani, vilevile kama walivyochuchumazwa wanaume wetu. Mtu mzima, mwenye mvi, na mguu ule mbovu ukitetemeka chini yake.

"Mimi ni Hussein Abdi," alisema kwa sauti, bila kugeuza shingo. "Mwalimu wa Qabale, binti yenu. Baba ya Halima na wadogo zake. Niko peke yangu. Sina silaha, niko na chaki tu kwa mfuko."

Guyo akatoka kichakani. Walikuwa karibu kiasi cha kupeana mikono. Mkuki ulikuwa umeshamwanguka.

"Ningekuua, mwalimu."

"Najua, kijana. Nimekuona sasa hivi."

Baba alifika mbio. "Mwalimu, si ungetuma mtu kwanza!"

"Ningetuma nani, Mzee Galgalo? Fisi?" Hakuna aliyecheka. "Mama Halima alinikataza hii koti asubuhi. Nikamwambia kwa lori kuna baridi. Sasa nikirudi, huyo ndiye wa kuogopwa."

Hapo mama akacheka, kicheko kilichogeuka kilio kabla hakijaisha.

Baba akaanza kumfokea Guyo. Mwalimu akamkatiza, na maneno yake ninayo hadi leo. "Usimgombeze. Kule Burma nililala kwa shimo nikiogopa hata jani likitikisika. Mtu mwenye hofu anaona nini, mimi nilijua. Halafu nikasahau, kwa sababu leo koti ni yangu." Akamgeukia Guyo, kijana ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, akamwambia, "Nisamehe."

Ndipo akamweleza Baba kuwa amenijia kwa ajili ya mtihani wa kesho yake. Baba akaniambia nichukue vitu vyangu. Mchana tulipanda lori la ng'ombe, na kesho yake nikaufanya mtihani.

Mwalimu aliendelea kufundisha mpaka miaka ya themanini. Hakufika tena kambi yoyote kimyakimya. Alisimama mbali akilitangaza jina lake mpaka ajibiwe. Hata nyumbani kwake Chechelesi alibisha hodi, binti zake wakimcheka, "Ingia, Baba, si ni kwako!" Alisubiri waseme karibu.

Mwanangu, wewe unaanza kazi mwaka huu, nami sijui watakuvika sare gani. Huenda utakuwa na nia safi kama yake, umebeba jambo jema la mtoto wa mtu. Nia yako haionekani kwa mbali. Watu walioumizwa wataona nguo, gari, watasikia mlio wa viatu, na hofu yao haitakuwa ujinga wala dharau. Simama wakuone. Taja jina lako na la baba yako. Wakikuogopa, usikasirike; shuka chini mpaka macho yenu yalingane, na ukiwa umewatisha, omba radhi hata kwa mdogo wako.

Mungu akuweke mbali na mkuki wa mwenye hofu, na akuweke mbali na kuwa wewe hofu yenyewe. Kila boma utakalolifikia, pasiwe na mama wa kumziba mtoto wake mdomo kwa ajili yako. Amin.