Mtaa wa Wakataa

Zena Kondo anasuka nywele barazani kwake, Kibiti, kwenye mtaa unaoshuka korongoni nyuma ya stendi. Alizaliwa hapo, akaolewa Ikwiriri, akaachika, akarudi hapo hapo. Maisha yake yote mtaa aliujua kwa jina moja, Wakataa, na hakuwahi kujiuliza limetoka wapi.

Alianza kujiuliza mwaka ule wa anwani za makazi. Vijana wa halmashauri walipita nyumba kwa nyumba wakibandika namba, wakiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji, Mudathiri.

"Andikeni Mtaa wa Wakata," Mudathiri aliwaambia. "Wakata magogo. Marehemu baba yangu ndiye aliyeanza kukata magogo huku, watu wakamfuata."

"Si Wakata, ni Wakataa," alisema Zena, vidole vikiwa bado kwenye nywele za mteja.

"Hiyo lafudhi ya wazee wa bondeni, dada. Kwenye kibao tunaandika Kiswahili kilichonyooka."

Watu wakacheka. Zena aliendelea kusuka, lakini lile jibu halikumtoka kichwani. Wazee anaowajua yeye hawakuwa na shida ya ulimi. Wakisema kukata ni kukata, wakisema kukataa ni kukataa.

Kesho yake alikuja Bi Mwanahawa wa nyumba ya chini kabisa, kusukwa mistari ya twende kilioni kama kawaida yake. Zena akamuuliza.

Bi Mwanahawa aligeuza shingo kumtazama. "Kwenu hawajakwambia?"

"Hawajanambia, shangazi."

"Basi ngoja nikwambie mie. Nilikuwa mtoto, lakini macho ninayo."

Akaeleza. Mafuriko yalipowatoa watu bondeni na serikali ikawataka wahamie huku juu, viwanja vilipimwa, kila mwanamume na familia yake kiwanja kimoja. Wanawake wasio na waume wakaambiwa wafuate kaka zao, au warudi kwa waume waliowakimbia. Bibi yake Zena, Salama, alisimama mbele ya mpimaji akasema anakataa. Mpunga wa bondeni alilima mwenyewe, akalala mwenyewe kwenye dungu shambani akifukuza ndege na nguruwe, basi na nyumba atakaa mwenyewe. Mama yake Bi Mwanahawa akasema hivyo hivyo, na wengine watano. Wakanyimwa viwanja. Wakaja huku kwenye mteremko ambapo hakuna aliyepataka, wakajenga.

"Wanaume walikuja wakaezua makuti. Mama zetu wakaezeka tena. Wakaja wakaezua tena. Wakaezeka. Mwisho waliokuja kuezua ndio waliochoka. Watu wakitupita wanasema, hao, wakataa hao. Kwa kututukana."

"Lakini bibi alikuwa mjane. Baba alisema babu alizama mtoni."

"Babu yako Mfaume kazama wapi? Kafa akiwa mzee huko Ndundu, ana wake wawili. Bibi yako alimuacha kwa sababu alikuwa anampiga."

Zena alimaliza kichwa cha Bi Mwanahawa, akafunga baraza, akaanza kupita nyumba za zamani moja baada ya nyingine akiuliza swali hilo hilo: hapa alijenga nani? Wengine walishusha sauti, wengine walimkaribisha ndani kwanza. Kwa kila nyumba ya mwanzo alitajiwa jina la mwanamke, na kwa hayo akaomba mkutano wa kitongoji uamue jina la mtaa.

Kaka yake Saidy, mwenye duka la vipuri vya bodaboda, alimfuata kwake amekasirika.

"Unamvua nguo bibi yetu mbele za watu. Baba kafa anasema mama yake mjane."

"Baba alisema hivyo kwa sababu alichekwa. Mie sichekwi, Saidy. Atakayecheka aje acheke hapa barazani nimuone."

"Ukisimama mkutanoni ukayasema hayo, mimi si ndugu yako."

Alisimama. Mkutano ulifanyika kwenye banda la soko, na Mudathiri akawahi kusema, "Mnataka wageni wasome kwamba huu ni mtaa wa walioachika?"

"Hawakuachika, waliacha," Zena alijibu. "Aliyeachika ni mimi, na nyumba yangu ina namba kama yako."

Bi Mwanahawa akainuka, akawataja wale wanawake saba mmoja mmoja, na kila jina lilipotajwa mjukuu au kitukuu alisimama. Mikono ilipohesabiwa, Wakataa ilishinda. Kijana wa halmashauri akaandika.

Hata hivyo nguzo ilipokuja kusimikwa, kibao kilisomeka MTAA WA WAKATA. Mudathiri alisema ni makosa ya fundi na kwamba kubadilisha kutachukua muda mrefu. Zena akanunua rangi nyeupe na brashi. Saa sita mchana, watu wakipita, alipanda juu ya kigoda akaongeza A moja mwishoni, kubwa, imepinda kidogo.

"Hiyo mali ya serikali," Mudathiri alimwambia. "Nitaita polisi."

"Waite. Wakija waambie nipo nyumbani, wasihangaike kunitafuta."

Wanawake wa mtaa walikuwa wameshatoka, wamesimama kuzunguka nguzo. Polisi hawakuitwa. Baada ya muda halmashauri ilileta kibao kipya chenye jina zima.

Saidy alitimiza aliyosema. Idi ile hakuja, na pilau aliyopelekewa ilirudi na sahani imefunikwa vile vile. Zena alilia jikoni peke yake. Kisha akanawa uso, akatandika mkeka, akamwita Bi Mwanahawa na majirani wakala pilau ile. Mmoja alipomuuliza kama hajutii, alisema kaka yake anampenda na mlango uko wazi, lakini jina la bibi yake hatalifuta.